Oolong ya zawadi: kwa nini tunaitanguliza Dong Ding

Ukitaka jibu kabla ya maelezo, hili hapa. Kwa mtu aliyekulia chai ya maziwa yenye tangawizi, au chai ya rangi iliyokolea sukari, nunua gramu 150 za Dong Ding, oolong ya Taiwan (chai iliyo kati ya kijani na nyeusi) iliyobanikwa vizuri, mavuno ya majira ya baridi, umtilie na kadi ya mistari michache inayomweleza namna ya kuiandaa. Usimnunulie lile sanduku jekundu lenye pakiti thelathini za Tie Guan Yin ya kijani, oolong ya China, hata muuzaji akikupunguzia bei hadi nusu. Dong Ding itanywewa mpaka jani la mwisho. Sanduku litakaa kabatini kama pambo, na siku litakapofunguliwa harufu itakuwa imeshakwenda zake.

Hukumu hiyo haitokani na ladha peke yake. Tumeangalia pia jinsi jani linavyotengenezwa, linavyosafiri, na litakavyoandaliwa na mtu asiye na vyombo vya Kichina.

Jani lenyewe

Mchai wa oolong ni mmea uleule wa Kericho, Mufindi na Rungwe. Kinachotofautisha ni kazi inayofuata baada ya kuchuma. Katika viwanda vyetu vingi jani changa likishanyauka hukatwakatwa na kusagwa na roli za chuma, likageuka rangi lote, ndiyo maana kijiko kimoja kinakolea kwa dakika moja. Oolong huchumwa ikiwa imekomaa zaidi: chipukizi limeshaanza kufunguka, na majani mawili hadi manne hutoka pamoja na kikonyo chake. Huanikwa juani kidogo, kisha huingizwa ndani na kupepetwa kwenye nyungo za mianzi kwa awamu, mara nyingi hadi usiku wa manane. Kingo za jani huchubuka, hewa huingia, na kingo zikawa nyekundu huku katikati pakibaki kijani. Wenye viwanda huita hatua hii kuchachua, ingawa hapana hamira wala bakteria hapo. Ni oksijeni na vimeng'enya vya jani lenyewe. Fundi akiridhika na harufu, majani hutiwa kwenye pipa la moto mkali na mgeuko unasimama palepale.

Ndiyo sababu oolong hukaa kati ya chai ya kijani na chai nyeusi, tena kwa upana mkubwa. Baozhong ya Pinglin hugeuka kama asilimia 10 hadi 15 tu, Dong Ding ya kizamani kama 25 hadi 30, na Dongfang Meiren hupita 60. Mtu akisema "nimeonja oolong, siipendi", muulize ipi.

Hesabu nyingine ya kuikumbuka sokoni: kilo moja ya chai iliyo tayari hula kilo nne hadi tano za majani mabichi. Oolong nzuri iliyochumwa kwa mikono haiwezi kuuzwa kwa bei ya majani ya supamaketi, na anayekuuzia hivyo anakuuzia kitu kingine.

Dong Ding

Dong Ding ni kilima cha mita mia saba na kitu, katika tarafa ya Lugu, wilaya ya Nantou, katikati ya Taiwan. Mchai unaotakiwa ni wa aina ya Qingxin. Majani hufungwa ndani ya kitambaa kama mpira, hubanwa na kuviringishwa, hufunguliwa, na kazi ikarudiwa mara nyingi mpaka kila jani pamoja na kikonyo chake liwe punje ngumu. Kisha hubanikwa: saa kadhaa ndani ya oveni ya umeme, au juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, yakapumzishwa, yakarudishwa tena motoni.

Huko kubanikwa ndiko kunakoifanya iwe zawadi. Moto huondoa unyevu na harufu ya majani mabichi, na huacha ladha ambazo mnywaji wetu anazijua tangu utoto: karanga zilizokaangwa, ganda la mkate, sukari guru inayoanza kuyeyuka, na kwa mbali tunda lililokaushwa. Maji yake ni ya rangi ya asali na yana uzito mdomoni. Ukishameza, utamu hurudi kooni kidogo kidogo. Wachina huuita huigan, na sisi huutafuta kabla ya kuitafuta harufu. Mtu wa chai ya maziwa akipewa oolong ya kijani inayonukia maua husema ni maji ya majani. Akipewa Dong Ding, ulimi wake unapata kitu cha kushika.

Mwambao na Omani wana mlango mwingine wa kuingilia. Aliyezoea kahawa chungu ndani ya kikombe kisicho na mkono, na kashata, tende au halua pembeni, tayari anaujua utaratibu wa oolong: kinywaji hakina sukari, utamu uko mkononi. Dong Ding na halua zinachukuana vizuri sana. Samli na iliki za halua hukutana na ule moto wa jani, na kikombe kinachofuata husafisha kinywa. Tunapendekeza zawadi iwe na vyote viwili, ila kila kimoja kwenye mfuko wake, kwa sababu tutakayoifikia.

Kuna sifa mbili zaidi zinazotufanya tuitangulize. Ikisahauliwa kwenye birika dakika kumi inakuwa nzito lakini haikuchomi ulimi. Na inastahimili joto la safari: mfuko uliofyonzwa hewa, ambao haujafunguliwa, hukaa mwaka mmoja hadi miwili kwenye joto la kawaida la nyumba bila kuharibika, wakati oolong ya kijani huanza kufifia ndani ya miezi.

Kasoro zake pia tuziseme. Ya kwanza ni moto wa kuficha. Jani la zamani, au la msimu hafifu, hubanikwa kupita kiasi ili mnunuzi asilitambue. Utalijua kwa punje nyeusi kama mkaa, maji yanayotoka meusi mara ya kwanza kabisa kisha yakakauka ladha mara ya tatu, na majani ambayo hata baada ya kutiwa maji mara nne hayajafunguka. Dong Ding iliyobanikwa kwa ustadi hufunguka yote. Baada ya kutiwa maji mara tano unapaswa kuona majani mazima yaliyoshikana na kikonyo, laini, ya kijani-kahawia, kingo zikiwa na wekundu.

Ya pili ni moto mbichi. Chai iliyotoka kubanikwa juzi huonja majivu na kukausha koo. Inahitaji kupumzika angalau mwezi mmoja au miwili. Muulize muuzaji ilibanikwa lini mara ya mwisho. Asiyejua jibu hilo hajui chai anayouza.

Ya tatu ni jina. Siku hizi "Dong Ding" ni jina la mtindo kadiri lilivyo jina la mahali. Aina za mchai wa Taiwan zimepandwa Lâm Đồng nchini Vietnam na Doi Mae Salong kaskazini mwa Thailand, na sehemu ya chai hiyo hurudi sokoni ikivaa majina ya Taiwan. Baadhi yake ni chai nzuri kabisa. Lakini iandikwe Vietnam na ilipiwe bei ya Vietnam. Lebo ya kuaminika hutaja tarafa, aina ya mchai, msimu na mwaka, kiwango cha kubanikwa, na kama imechumwa kwa mkono au kwa mashine. Lebo yenye mlima, mawingu na herufi za dhahabu tu haijasema kitu.

Sanduku la mashindano

Chama cha wakulima cha Lugu kimekuwa kikiendesha mashindano ya Dong Ding tangu 1976. Mkulima huleta kiasi kilichopangwa, waamuzi huonja kwa kipimo kimoja kwa wote, yaani gramu 3 zikitiwa mililita 150 za maji yanayochemka na kuachwa humo dakika 6, na chai iliyofaulu hufungwa kwa daraja. Kawaida utaiona katika sanduku la makopo mawili ya gramu 300, lenye utepe wa karatasi unaochanika likifunguliwa. Daraja za juu kabisa ni ghali mno kwa mtu asiyejua anachokunywa. Daraja za chini, zinazotambulishwa kwa maua ya mplamu, matatu au mawili, ndizo zenye thamani ya kweli: chai imepita mezani kwa waamuzi, na bei haijapaa.

Hata hivyo gramu 600 ni nyingi. Kwa gramu 5 kwa siku ni siku 120. Sanduku hili linafaa wakwe wenye nyumba isiyoisha wageni, ofisi, au mzee anayeheshimiwa ambaye makopo yenyewe yatakuwa heshima mbele ya watu. Kwa mtu mmoja, rudi kwenye gramu 150, ambazo ndizo liang nne (kipimo cha uzito) za Taiwan na kiasi kinachofungwa sana huko. Zinatosha vikao thelathini.

Kwa nani nyingine?

Dongfang Meiren, "Mrembo wa Mashariki", ndiyo ya pili kwetu, na kwa mnywaji wa chai ya rangi asiyetia maziwa huenda ikawa ya kwanza. Hutoka hasa Beipu na Emei, wilaya ya Hsinchu, na huchumwa kiangazi, Juni na Julai, msimu ambao oolong nyingine hudharauliwa. Siri yake ni mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu wa chipukizi. Mchai ulioumwa hujihami kwa kutoa kemikali za harufu, na baada ya kuchachuka sana harufu hizo huwa asali na tunda lililoiva. Mkulima hawezi kupiga dawa ya wadudu, maana atamfukuza mshirika wake. Na machipukizi yaliyoumwa hudumaa, hivyo mavuno ni madogo. Bei yake ina sababu. Itazame ikiwa kavu: inapaswa kuwa na ncha nyeupe zenye vinyweleo, pamoja na kijani, manjano, wekundu na kahawia. Ikiwa kahawia tupu, au ikinukia pipi kabla ya kutiwa maji, iache. Maji yake yawe digrii 85 hadi 90. Yanayochemka huifanya ikaze ulimi.

Alishan na jamaa zake wa milimani ni chai bora, na tunasita kuzitoa zawadi. Taiwan huita chai ya mlima mrefu ile iliyolimwa juu ya mita 1,000. Ukungu na baridi huchelewesha jani, likanenepa, na maji yakawa laini kama siagi, yenye harufu ya maua. Ila haijabanikwa, au imebanikwa kidogo tu. Mfuko ukifunguliwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Machi na kufungwa kwa kibanio cha nguo, baada ya wiki tatu ni chai nyingine. Mpe mtu ambaye ataimaliza ndani ya mwezi, au kijana anayependa vinywaji baridi: gramu 5 kwa nusu lita ya maji ya kawaida, ndani ya friji saa 6 hadi 8, kisha ichujwe. Kwa namna hiyo, kwenye joto la pwani, Alishan haina mpinzani. Da Yu Ling, ya juu zaidi ya mita 2,400, inatoka eneo dogo mno. Jina lake limebandikwa kwenye chai nyingi kuliko mashamba yake yanavyoweza kuzaa. Usilinunue jina hilo kwa mtu usiyemjua.

Tie Guan Yin ya Anxi, Fujian, ina sura mbili na ni lazima uijue unayoshika. Ile ya qingxiang, harufu nyepesi, ni ya kijani kibichi, inanukia okidi, na huko China maduka huihifadhi kwenye friji au freza. Ndiyo hiyo inayojazwa kwenye masanduku ya zawadi, pakiti za gramu 7 au 8. Ikitoka freza, ikakaa wiki mbili kwenye begi na miezi sita kwenye rafu, inabaki uchachu na nyasi. Ile ya nongxiang, harufu nzito, imebanikwa, na inakaribia Dong Ding kwa tabia. Ukiwa China bara na huna muuzaji wa kuaminika wa chai za Taiwan, nunua nongxiang. Pakiti ndogondogo ni faida hapo, kwa kuwa kila moja inabaki imefungwa mpaka siku yake.

Dan Cong za mlima Fenghuang, karibu na Chaozhou, zina harufu ambazo hakuna chai nyingine inazo. Mi Lan Xiang hunukia asali na laichi hata kikombe kikishakuwa kitupu. Lakini hazisamehi. Zinatakiwa sekunde 5 hadi 10 kwenye chombo kidogo. Ziache dakika nne kwenye birika la familia na zitauma kama shubiri. Majani yake ni marefu na makavu, huvunjika kwenye begi, na vumbi lililovunjika huongeza uchungu. Mpe anayejua tu.

Da Hong Pao ya milima Wuyi tunaitaja kwa onyo. Ile miti mama sita, inayohesabiwa kuwa asili ya chai hii, iliyo kwenye jabali la Jiulongke haijachumwa kwa biashara tangu 2006. Anayekwambia chai yake imetoka kwenye miti hiyo anakudanganya, na anayejua atalicheka sanduku lako. Ukitaka ladha ya Wuyi, mwamba na moto, nunua Shui Xian au Rou Gui yenye jina la mkulima au la kiwanda.

Na ile inayoitwa oolong ya maziwa? Mchai halisi ni Jin Xuan, ambao jina lake la utafiti Taiwan ni Namba 12, na una harufu hafifu ya maziwa inayojitokeza kwenye kikombe. Ikiwa ukifungua mfuko unakutana na harufu ya tofi na siagi ya keki, imetiwa manukato. Wengi wataipenda, hatuwakatazi. Isiuzwe tu kama chai adimu.

Kununua Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala hufika Guangzhou, na soko la chai la Fangcun, moja ya masoko makubwa kabisa ya chai China, linafikika kwa treni ya chini ya ardhi. Ni mahali pazuri pa kununua ukiwa na subira ya saa mbili. Muuzaji atakukaribisha mezani na kukutilia chai bila malipo. Hiyo ni desturi, haikufungi kununua.

Usihukumu maji ya kwanza. Hayo ni kama tui la kwanza, hata nazi ya wastani huonekana tajiri. Hukumu maji ya tatu hadi ya tano. Kisha omba kitu kimoja ambacho wauzaji wa chai hafifu hawakipendi: atie maji yanayochemka na kuyaacha dakika tano, akumiminie, nawe uyaache yapoe kabisa. Oolong nzuri ikipoa inakuwa nzito na tamu. Mbaya itadhihirisha uchachu, ukali pembeni mwa ulimi, au harufu ya unyevunyevu. Mwisho omba majani yaliyotumika, uyatandaze kwenye kisahani. Majani mazima yenye kikonyo ni ya mkono. Yaliyokatwa nusu kwa mstari ulionyooka ni ya mashine. La mashine si kosa, mradi bei ilijue. Usishangae Tie Guan Yin ya kisasa ikiwa na kingo zilizolika. Mafundi huziondoa kingo nyekundu makusudi ili maji yawe ya kijani.

Angalia mizani na maneno. Jin moja ya China bara ni gramu 500. Jin ya Taiwan ni gramu 600. Liang ni gramu 50 huku na 37.5 kule. Bei mbili zinazoonekana tofauti zinaweza kuwa sawa, na zinazoonekana sawa zikatofautiana kwa moja ya tano. Chai upimiwe kutoka mfuko uleule ulioonja, ifungwe na kufyonzwa hewa mbele yako.

Ukinunua kwa njia ya mtandao, omba picha ya majani yaliyotumika na ripoti ya maabara ya mabaki ya dawa. Wauzaji makini wa Taiwan huwa nayo. Anza na gramu 25 uonje mwenyewe kabla ya kuagiza ya zawadi. Madai ya kupunguza mwili au kushusha sukari yapite tu. Yakiwa ndiyo maandishi makubwa kwenye sanduku, chai iliyomo ndani haikuwa hoja.

Udi, iliki na begi

Majani ya chai hunyonya harufu kuliko kitambaa. Hilo ndilo jambo linaloharibu zawadi nyingi nyumbani kwetu, baada ya pesa kutoka na safari kuisha. Usiisafirishe kwenye begi moja na marashi, sabuni, samaki mkavu au kahawa. Usiihifadhi kabati moja na karafuu, mdalasini na pilipili manga. Katika nyumba zinazofukizwa udi, iwekwe kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha ndani, mbali na chumba cha kufukizia. Halua ikikaa na mfuko uliofunguliwa kwa siku mbili, utakunywa iliki. Mfuko wenyewe usiufungue ili kuhamishia kopo zuri: kopo liende tupu, mfuko uende umefungwa, mpokeaji ahamishe siku atakayoanza kunywa. Akishaanza, aimalize ndani ya miezi miwili, na kile kifuko kidogo cha kufyonza oksijeni akitupe. Hakina kazi tena.

Ukitaka kuongeza chombo, chagua gaiwani nyeupe ya kaure ya mililita 110 hadi 120, yaani kikombe chenye kifuniko na kisahani. Gramu 5 hadi 7, maji yanayochemka, sekunde 45 mara ya kwanza, 30 mara ya pili, kisha ongeza sekunde 15 kila mara. Kingo zake huwa za moto sana, na mzee mwenye mikono inayotetemeka ataungua. Huyo mnunulie birika dogo la kaure la mililita 200 lenye chujio ndani. Birika la udongo la Yixing liache. Ya kuiga ni mengi, na lililo halisi hufyonza harufu ya kila kilichopita ndani yake.

Maji yana sauti kubwa kuliko birika. Maji ya kisima yenye chumvi, ya kawaida sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani, huua utamu na kuacha utando juu ya kikombe. Tumia ya chupa yenye madini machache. Na kwenye miinuko maji huchemka mapema: Nairobi na Mbeya karibu digrii 94, Kigali na Goma karibu 95. Kwa Dong Ding huko, pasha chombo kwanza kwa maji ya moto na uongeze sekunde 15 hadi 20 mara ya kwanza, maana punje huchelewa kufunguka.

Kosa la mwisho ni sufuria. Mtu akiitia Dong Ding kwenye sufuria na kuichemsha na maziwa kama desturi, amelipia moshi. Ndiyo sababu ya kadi. Tunaiandika hivi:

*Pasha birika la nusu lita kwa maji ya moto, umwage. Tia vijiko viwili vidogo vya majani (gramu 5 hadi 6). Mimina maji yanayotokota, funika, subiri dakika 4. Mimina yote kwenye vikombe au kwenye chupa ya chai isiyonuka tangawizi. Maji yasibaki kwenye majani. Majani hayohayo yatie maji tena: dakika 4, kisha dakika 7. Usitie maziwa. Kikombe cha kwanza kinywe bila sukari, na tende au halua. Kwa anayekosa usingizi, mwisho saa kumi jioni.*

Nyuma ya kadi andika jina la chai, msimu na mwaka wa mavuno. Mpokeaji akiipenda, ndiyo maneno atakayohitaji ili kuipata tena.

Na kama mpokeaji ni Mchina au Mtaiwan? Geuza mwelekeo. Oolong yake anaijua kuliko wewe, na utampa kitu ambacho ana bora zaidi nyumbani. Mpe chai ya zambarau ya Kenya, ile ya mchai TRFK 306 uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011, mifuko miwili kwa kuwa jozi ni heri kwao na nne huepukwa, kwenye karatasi nyekundu, wala si nyeupe. Mkabidhi kwa mikono miwili.